Kabla hujaandika majina ya watakaokariri darasa

Swali: *Nafundisha Darasa la Tatu katika shule ya msingi wilayani Magu, mkoani Mwanza. Nina wanafunzi 93. Kumi na wanane wako nyuma sana: wengine hawasomi kabisa, wengine wanasoma kwa kubahatisha. Mwalimu Mkuu anataka majina ya watakaokariri darasa. Naona baadhi yao ni wazembe na watoro tu, lakini wapo ninaohisi wana tatizo kubwa zaidi ya hilo. Nitawatambuaje wanaohitaji msaada wa ziada, wakati sina kifaa cha kupimia wala sikusomea elimu maalumu?*

Jibu: Mwalimu, kwanza omba muda. Mwambie Mwalimu Mkuu akupe wiki nane kabla ya kupokea majina hayo: mbili za kuwajua watoto, sita za kuwasaidia na kuona nani anasogea. Alama za mtihani zimeshakuonyesha nani ameshindwa, na kazi yake imeishia hapo. Watoto wawili wanaweza kupata 12 kwa 50 kwenye karatasi moja, mmoja kwa sababu masikio yanamtoa usaha tangu masika, mwingine kwa sababu alikuwa akichunga ng'ombe muhula mzima wenzake walipokuwa wakifundishwa silabi. Ukiwakaririsha wote wawili, kila mmoja atapata mwaka mwingine wa somo lilelile, kwa njia ileile iliyomshinda mwaka huu.

Anza na kitabu cha mahudhurio, ambacho unacho tayari mezani. Fungua kurasa za muhula huu na uliopita, uwatazame hao kumi na wanane mmoja mmoja. Usihesabu tu siku alizokosa, tazama ni siku zipi. Mtoto anayekosa siku ileile kila wiki huenda anakwenda gulioni kumsaidia mama. Kwenye vijiji vya kandokando ya ziwa, uvuvi wa dagaa hufanyika usiku wa giza na hupungua mbalamwezi ikiwaka, kwa hiyo mvulana anayepotea wiki mbili kisha akarudi, kila mwezi, ana kazi kwenye mitumbwi au kwenye kuanika. Msichana anayefika kila siku saa tatu ana mdogo wake wa kumwogesha. Watoto hawa wamekosa kufundishwa. Wanahitaji kurudishiwa walichokosa, na wazazi wao wanahitaji kuzungumza nawe na mtendaji wa kijiji. Wanaokutia wasiwasi zaidi ni wale walio shuleni kila siku, mbele ya macho yako, na bado hawasogei.

Neno "mzembe" liweke kando kwa sasa. Mtoto wa miaka tisa asiyejua kusoma huwa amejifunza kujificha. Kitabu cha hadithi kikitolewa anaomba ruhusa ya kwenda chooni. Anasahau daftari. Anamchokoza jirani yake mpaka afukuzwe nje, maana kufukuzwa hakumwaibishi kama kusimama mbele ya wenzake 92 na kunyamaza. Hizi zote ni dalili, na mtoto wa namna hii ukimchapa, utamwongezea ufundi wa kujificha.

Wapo pia wanaojificha kwa utulivu, na hao ndio ambao walimu wengi huwakosa. Hesabu katika majina yako wavulana ni wangapi na wasichana wangapi. Kama wavulana ni wengi mno, rudi darasani ukawatafute wasichana wa madawati ya nyuma, wenye daftari safi na mwandiko mzuri. Mtoto anaweza kunakili ubao mzima bila kosa moja huku hajui hata neno moja la alichoandika, kwa sababu kwake herufi ni michoro. Njia ya kumjua ni rahisi: fungua ukurasa alioandika juzi, mwombe akusomee.

Sasa kaa na kila mtoto peke yake. Dakika tano kwa mtoto, watoto kumi na wanane, ni saa moja na nusu kwa jumla, na unaweza kuigawa katika wiki hizo mbili. Mtoe nje chini ya mti, mbali na masikio ya wenzake, umwambie wazi kwamba huu si mtihani. Karatasi ya kupimia iandike mwenyewe kwa mkono. Juu weka silabi nyepesi: *ma, ki, tu, le, bo*. Chini yake silabi nzito: *mbwe, nywa, ng'o, shwa*. Kisha maneno: *kaka, meza, samaki, nyanya, ng'ombe, mwalimu*. Mwisho aya fupi ambayo hajawahi kuiona, kwa mfano: "Juma ana mbuzi wawili. Mbuzi mmoja ni mweupe. Jana mbuzi mweupe alikula mahindi ya jirani. Jirani alikasirika." Umuulize kwa nini jirani alikasirika. Watafiti wa Uwezo, mpango wa kupima kusoma na kuhesabu kwa watoto, wametumia ngazi za namna hii nyumba kwa nyumba nchini Tanzania, Kenya na Uganda tangu 2009 na 2010, kwa jaribio la kiwango cha Darasa la Pili, na wamekuwa wakikuta watoto wa madarasa ya juu wasioliweza. Kwa hiyo darasa lako si la ajabu, na wewe si mwalimu mbaya.

Andika mtoto amekwama ngazi ipi, kisha uandike pia amekwamaje, maana hapo ndipo utakapomjua. Darasani kwetu watoto huitikia kwa pamoja, na wengi hukariri kitabu chote kwa sikio. Ukitaka kujua kama anasoma au anakumbuka, funika picha kwa kiganja na umwambie aanze mstari wa mwisho. Aliyekariri atasimama palepale. Mwingine atatazama herufi ya kwanza na kukisia: penye *mbuzi* atasema *mbwa*. Mwingine atakwenda vizuri, *m-bu-zi*, lakini akifika mwisho wa sentensi amesahau mwanzo. Wa nne atasoma aya yote bila kukwama, kisha hawezi kukuambia mbuzi alikula nini. Yule wa nne hana shida na herufi. Huenda Kiswahili chenyewe bado ni kigeni kwake, kwa sababu nyumbani wanaongea Kisukuma. Muulize swali lilelile kwa Kisukuma, au mtumie mwenzake akuulizie. Akijibu, umejua mahitaji yake: hadithi, mazungumzo na msamiati, na huna haja ya kumrudisha kwenye *a, e, i, o, u*.

Hapa niseme jambo ambalo walimu wa kanda yako wanalihitaji sana. Mtoto anayeandika *balabala* kwa *barabara*, au *lafiki* kwa *rafiki*, anaandika anavyotamka. Ni lafudhi ya lugha ya mama, na si ugonjwa. Wilaya za Wakurya huko Mara mambo hugeuka, *kulala* ikawa *kurara*. Makosa haya yana utaratibu: leo, kesho na keshokutwa yatakuwa yaleyale. Mtoto mwenye tatizo la kusoma na kuandika lenyewe, lile ambalo wataalamu wanaliita disleksia, makosa yake hayana utaratibu. Kwenye ukurasa mmoja ataandika *nyanya* mara moja *nana*, mara moja *yanya*, mara moja *nyaya*. Ataandika *gobe* kwa *ng'ombe*, atageuza *b* na *d* hata baada ya kusahihishwa mara nyingi, ataruka herufi katikati ya neno ambalo jana aliliandika vizuri. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo wengi wa watoto hawa hatimaye hujua silabi. Kinachobaki ni mwendo: anasoma sahihi lakini polepole mno, kwa jasho, na mtihani unakwisha kabla hajamaliza swali la tatu. Usidanganyike ukasema "huyu anajua kusoma, anachelewa tu". Kuchelewa huko ndiko tatizo lenyewe.

Kuna jaribio jingine lisilohitaji hata karatasi. Watoto wa pwani wana mchezo wa kuongea kinyume, wanachukua silabi ya mwisho na kuitanguliza: *kitabu* inakuwa *bukita*, *nyumba* inakuwa *mbanyu*. Wafundishe darasa zima mchezo huo, watacheka sana. Baada ya siku mbili tatu wengi watauweza. Mtoto ambaye bado hawezi, ambaye ukimwambia "sema *samaki*, ondoa *sa*" anakutazama tu, ana shida ya kuzisikia silabi ndani ya neno, na shida hiyo iko kwenye mzizi wa tatizo la kusoma kwa watoto wengi. Mtoto huyo atahitaji kufundishwa kwa mdomo na kupiga makofi ya silabi kabla hujarudi kwenye maandishi.

Kabla ya kusema lolote kuhusu akili ya mtoto, hakikisha anaona na anasikia. Kwa macho, mpe maneno matano ayanakili kutoka ubaoni akiwa amekaa mahali pake pa kila siku, kisha matano mengine yanayolingana na hayo kutoka kwenye kitabu mkononi. Akikosea ya ubaoni tu, huenda tatizo liko kwenye macho. Mtazame pia anavyokunja uso, anavyoinamisha kichwa upande mmoja, anavyonakili kwa jirani badala ya ubaoni. Akikosea ya kitabuni akapata ya ubaoni, nalo huenda ni tatizo la macho, na walimu wengi hawalitegemei.

Kwa masikio, simama nyuma yake kiasi cha hatua moja, mwambie azibe sikio moja kwa kidole, umnong'oneze maneno anayoyajua: *kiti, samaki, mvua*. Arudie. Kisha sikio la pili. Fanya hivyo mahali patulivu, si wakati wa mapumziko. Mtoto anayesikia nusunusu huonekana mkaidi: unamwita hageuki, unampa agizo analitekeleza vibaya, anasubiri wenzake wafungue kitabu ndipo naye afungue. Kusikia kwake kunaweza kupanda na kushuka kufuatana na mafua, ndiyo maana watu husema "akitaka anasikia". Sikio linalotoa usaha linahitaji zahanati au kituo cha afya, na mzazi aambiwe asimimine mafuta wala dawa ya mitishamba humo ndani.

Kisha mchunguze yule anayeduwaa. Watoto wengi huota ndoto za mchana, lakini wa kuota ukimgusa bega anashtuka. Yupo mwingine anayekatika katikati ya neno, macho yanabaki wazi au yanapepesa, ukimgusa hajibu, na baada ya sekunde kumi au ishirini anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Hicho chaweza kuwa kifafa cha aina isiyoangusha mtu. Kinaweza kumpata mara nyingi kwa siku moja, na kila mara anapoteza kipande cha somo, kwa hiyo unachofundisha kinamfikia kikiwa na matundu. Kinatibika kwa dawa. Andika saa na idadi kwa siku tatu, mzazi aende na karatasi hiyo hospitali. Daktari atashukuru kuipata.

Afya nyingine nitazigusa tu: njaa, minyoo, kichocho ambacho kandokando ya ziwa kimeenea, seli mundu inayomkosesha mtoto shule kila maumivu yakimshika. Malaria iliyopanda kichwani inaweza kuacha athari kwenye kumbukumbu na umakini muda mrefu baada ya mtoto kupona. Hili la mwisho ni la kumuuliza mama.

Na mama, au yeyote anayemlea mtoto, mwite mapema, kwa heshima, na usianze na "mtoto wako hajui". Anza na unachokipenda kwa huyo mtoto, kiwe cha kweli. Kisha uliza: alizaliwaje, alichelewa kutembea au kuongea, aliwahi kupata degedege, amewahi kulazwa, yupo ndugu aliyepata shida kama hii shuleni? Uliza anafanya nini vizuri nyumbani. Hapo ndipo utakapoona tofauti kubwa. Mtoto anayetumwa dukani na shilingi 5,000 akarudi na vitu vitatu na chenji kamili, lakini hawezi kusoma aya ya mbuzi wa Juma, ana tatizo katika kusoma tu. Mtoto aliyechelewa kutembea, aliyechelewa kuongea, ambaye hadi leo anavalishwa na hawezi kutumwa, mahitaji yake ni mapana zaidi, na darasa la kawaida pekee huenda lisimtoshe. Mzazi akikuambia mtoto amerogwa, usibishane naye. Mwambie unachokiona darasani na unachoomba kifanyike, yaani hospitali. Anaweza kushika mambo yote mawili kwa wakati mmoja na mtoto akatibiwa.

Mtoto aliyekuwa akifanya vizuri kisha akaporomoka ghafla mwaka huu, mtenge na hawa wengine. Kwake kuna jambo limetokea: msiba, wazazi kuachana, kuhamishiwa kwa shangazi, au kuumizwa na mtu. Huyo haanzi na silabi. Anaanza na mwalimu wa malezi na unasihi, au na wewe kama ndiye anayekuamini. Ukihisi ukatili, kuna Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na namba 116 ya simu ya mtoto haina malipo.

Sasa zile wiki sita. Wapange wale kumi na wanane kwa ngazi waliyokwama: wa silabi pamoja, wa maneno pamoja, wa aya pamoja. Shirika la Pratham la India ndilo lililoeneza sana utaratibu huu wa kupanga watoto kwa kiwango chao bila kujali darasa waliloandikishwa, na nguvu yake ni kwamba kila mtoto anafundishwa kitu kinachofuata kile anachokijua. Nusu saa kila siku inatosha, wengine wakiwa na kazi ya kuandika chini ya kiranja. Najua uwiano wa serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, nawe una zaidi ya mara mbili ya hapo, kwa hiyo sikuambii ufanye hivi kwa watoto wote. Fanya kwa kumi na wanane. Wanafunzi wa Darasa la Sita wanaosoma vizuri wanaweza kushika kundi la maneno. Kundi la silabi libaki mikononi mwako, kwa sababu hao ndio unaotaka kuwatazama kwa karibu.

Tuisheni ya jioni haichukui nafasi ya jambo hili. Nyingi zinarudia mada ya siku kwa mwendo uleule, na mtoto asiyejua *nywa* hasaidiwi na maswali ishirini ya Sayansi.

Kila Ijumaa rudi kwenye karatasi yako. Dakika moja kwa mtoto: amesoma silabi ngapi, au maneno mangapi. Andika kwenye daftari, tarehe na namba, basi. Wiki ya tatu utaanza kuona wanavyogawanyika, na wiki ya sita hutahitaji kuuliza mtu. Nategemea wengi watakuwa wamepanda ngazi moja au mbili. Hao tatizo lao lilikuwa kukosa kufundishwa kwa kiwango chao, na hakuna sababu ya kuwakaririsha. Endelea nao tu. Wachache watakuwa wamebaki palepale au wamesogea kidogo sana, ingawa walihudhuria, macho na masikio yako sawa au yameshatibiwa, na ulikuwa nao kila siku. Hawa ndio majina unayoyatafuta, na barua yao inakwenda kwa afisa anayehusika na elimu maalumu katika halmashauri yako, ili wapelekwe kwenye upimaji wa kitaalamu. Wale wa macho, masikio na kifafa usiwasubirishe wiki sita, wao huenda hospitali wiki ileile unapowagundua. Hospitali ya wilaya ikishindwa itawaandikia rufaa kwenda hospitali ya Bugando, jijini Mwanza. Msomaji wa Kenya mwenye swali kama hili atafute kituo cha EARC kilicho karibu naye. Vituo hivyo vilianza 1984 kwa kazi hiihii ya kuwapima watoto.

Kwenye barua usiandike "mzito wa kuelewa" wala jina la ugonjwa wowote, hata ukidhani unaujua. Andika ulichoona: "Anahudhuria karibu kila siku. Anasoma silabi nyepesi, anakwama kwenye silabi za konsonanti mbili. Wiki ya kwanza alisoma maneno manne kwa dakika, wiki ya sita matano. Neno moja analiandika kwa namna tofauti kwenye ukurasa mmoja. Hesabu za kichwani anaziweza. Amepimwa macho na masikio." Ambatanisha kurasa mbili za daftari lake. Barua ya namna hiyo ni ngumu kuiweka chini ya mafaili. Nakala ibaki shuleni, kwa sababu mwakani mtoto huyo ana upimaji wa Darasa la Nne mbele yake, na Baraza la Mitihani huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu, ila shule isiyo na kumbukumbu haitakuwa na la kuonyesha.

Majibu ya halmashauri yanaweza kuchukua muda, na mtoto atakuwa bado yuko darasani kwako kila asubuhi. Msogeze dawati la mbele. Usimsomeshe kwa sauti mbele ya wenzake bila kumwandaa. Mpe mstari wake jioni ya siku iliyotangulia, aufanyie mazoezi. Maswali ya hesabu ya maneno msomee wewe, kisha yeye akokotoe, ili upime hesabu yake badala ya kupima kusoma kwake mara ya pili. Mpunguzie kunakili: akiandika sentensi tatu na kuzielewa, zinamtosha kwa siku hiyo. Mruhusu ajibu kwa mdomo anapojua jibu. Na kundi lake la nusu saa usilivunje baada ya wiki sita kwisha, hata wakibaki watatu.